Ng'ombe Kifuani mwa Mama

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimekaa Nyakanazi zaidi ya miaka ishirini, pale barabara zinapokutana, na kila kilichomo katika nchi hii na nchi za jirani kimepita mbele ya macho yangu, kwenye lori, kwenye basi au kwenye jeneza. Nimeona tenki la mafuta likiteketea na dereva wake amesimama pembeni anamalizia muhindi wake wa kuchoma. Nimempangisha chumba bwana harusi aliyekuwa akimkimbia bibi harusi, na jioni ile ile nikampangisha chumba cha pili bibi harusi huyo huyo, naye akikimbia. Wote nikawapa funguo, nikanyamaza. Biashara.

Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina malori mawili, nina gesti, nina nyumba ya vigae ambayo madereva wakitoka Burundi wanaitumia kuelekezana njia, na watu wenye vyeti vyao wanakuja kuniomba niwadhamini benki. Mtu atasema ninajisifu. Ndiyo, ninajisifu. Nani mwingine atanisifu? Hakuna aliyenishika mkono. Isipokuwa mmoja, na habari hii ni yake.

Nilianza na ndoo ya mayai ya kuchemsha, nikiyauza madirishani mwa mabasi, na mayai ya kwanza yalitoka kwa kuku wa mama yangu. Mama ni mkulima wa Keza, upande wa Ngara, kule ambako gari linafika mahali linakata tamaa, unashuka unaendelea kwa bodaboda au kwa miguu. Alikuwa akipanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi kichwani huku akimgombeza mtu aliye ng'ambo, bila kuhema. Ndiyo maana dada yangu mkubwa, aliyebaki naye kule, aliponipigia simu kusema mama sasa anapumzika mara kwa mara njiani, nilisema uzee. Aliponipigia kusema mama ameanguka nje ya kanisa baada ya misa na hakujua aliangukaje, niliwasha gari.

Tulipita hospitali mbili kabla ya kufika Dar es Salaam. Huko ndiko tulikoelezwa vizuri. Moyo una milango, na mlango mmoja wa moyo wa mama ulikuwa umekakamaa, umejaa kitu kama chokaa, damu inapenya kwa tundu dogo. Usipobadilishwa, ataanguka tena, na siku moja hatainuka. Nikauliza kama mlango unauzwa. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasema mlango upo. Ila kwanza alitaka kumwona mama vizuri.

Nilidhani ataleta mashine. Hakuleta mashine ya maana. Alimpa mama kitu cha kubana kwa mkono, akasoma namba, akakunja uso. Akamwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Mama akatembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwisho akamketisha kwenye kiti, akamwambia akunje mikono kifuani, ainuke bila kushika kitu.

Mama akajaribu. Akainama mbele, akarudi. Akajaribu tena, akarudi, akacheka kwa aibu.

"Kiti chenu ni kirefu kwenda chini," alisema.

Daktari akanitoa nje kwenye korido.

"Kaka, moyo tunaweza kuutengeneza. Kinachonipa wasiwasi ni mwili wenyewe. Nyama za mapaja zimekwisha, mkono hauna nguvu, amepungua sana. Mzee wa namna hii tukimfungua kifua, moyo unaweza kukaa sawa kabisa, halafu yeye mwenyewe asirudi. Wengine wanabaki kitandani."

"Daktari, wewe nitajie bei."

"Sijazungumzia bei."

"Ndiyo, ila mimi ndiyo lugha ninayoielewa."

Hakukasirika. Alisema tumlishe kwanza, mayai, maziwa, maharage, na kila siku tumtembeze, ndipo wamfanyie. Nilipanga vyumba karibu na hospitali, nikanunua mayai trei nzima. Mama alikula yai moja akauliza mengine ni ya nani. Kutembea alitembea kidogo, mpaka kwenye geti na kurudi, akilalamika kwamba mji ule hauna hata mtu mmoja wa kusalimiana naye. Joto lilimkata hamu. Mwisho wake daktari akasema hatuwezi kungoja zaidi, mlango unazidi kuziba.

Siku ya kuweka saini, walimweleza mama kwamba mlango mpya umetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Nilitafsiri kwa Kihangaza, lugha yetu, ili asikose neno. Mama akamwuliza daktari, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa rangi gani?"

Daktari akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Hilo kwa kweli hatujui, mama."

"Mnanitia ng'ombe kifuani, na rangi yake hamjui?"

Kwetu ng'ombe asiyejulikana rangi ni sawa na mtu asiye na jina. Baba alikuwa na ng'ombe wachache, kila mmoja akiitwa kwa rangi yake na tabia yake, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasalimia asubuhi, kabla hajatusalimia sisi. Wote waliuzwa baba alipougua. Tangu hapo zizi lilibaki miti mitupu, na mwisho hata miti tuliipikia.

Walimfanyia. Saa zile sizielezi. Nilikaa kwenye benchi na simu mbili mkononi, madereva wangu wananipigia kuhusu mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu nijue biashara nikamwambia mtu, "Fanya unavyoona." Jioni daktari akatoka, amechoka, amefurahi. Mlango umekaa vizuri. Moyo unasukuma damu vizuri mno. Nikampigia simu kila mtu niliyekuwa na namba yake. Niliwaambia mama yangu amefunguliwa kifua na amefungwa, yupo hai, na aliyelipa ni mimi.

Siku chache baadaye, mtu niliyemkuta kitandani alikuwa na uso wa mama, lakini hakuwa mama. Alikuwa anavuta mipira mikononi, macho yametoka, anafoka kwa Kihangaza. Muuguzi, binti wa Pwani, alikuwa amemshika mabega.

"Baba, anasema nini? Tangu asubuhi hivi hivi."

"Anasema ufunge mlango wa zizi. Ndama wanatoka."

"Ndama gani?"

"Wewe mwambie umefunga."

"Nimefunga, bibi," yule binti akasema kwa sauti kubwa, na masikini akafanya na mkono kama anayesukuma komeo. Mama akatulia. Mimi nikaenda chooni nikafungua bomba.

Daktari akaniambia wazee wengi huchanganyikiwa hivyo baada ya upasuaji mkubwa, hasa walioingia wakiwa dhaifu, na kwa kawaida hupita. Kweli ilipita. Alinitambua, akaniuliza kama nimekula. Lakini alirudi kama mtu aliyetua mzigo njiani na hakumbuki wapi. Sauti ilikuwa ndogo. Kijiko cha uji kilimshinda kabla hakijafika mdomoni.

Kabla ya kuruhusiwa akaja mtaalamu wa mazoezi, msichana mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alimwinua mama kila siku, akamketisha, akamwinua tena, mama analia, yeye anamwimbia. Mimi niliona ni dharau. Mama yangu mzima anaambiwa ainuke akae, ainuke akae, kama mtoto aliyechelewa shule.

"Baba, nisikilize," aliniambia siku ya kuondoka. "Mfupa wa kifua bado unaunga. Asinyanyue kitu kizito, asivute, asisukume. Lakini miguu lazima ifanye kazi. Siku atakayoinuka kitini mwenyewe bila kushikwa, hapo sema mama amepona. Kabla ya hapo, kilichopona ni moyo tu."

Nilimwelewa. Asinyanyue kitu kizito. Hilo nililishika vizuri sana.

Sikumrudisha Keza. Nitampelekaje mtu wa namna ile kwenye njia za bodaboda, wakati nina nyumba ya vigae Nyakanazi? Nilimpa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kitanda kipya, wasichana wawili wa kumhudumia kwa zamu. Nikatoa amri: mama asiguse kitu. Asinyanyue kikombe. Akitaka kwenda uani, abebwe, na nikiwepo, nitambeba mimi. Nilikuwa nambeba mbele za watu, na sitaona haya kusema nilipenda waone. Mtoto wa mayai ya kuchemsha amembeba mama yake.

Na watu walikuja. Kwetu mgonjwa lazima aonwe, na mgonjwa anayeonwa analala. Ukimkuta anafagia, utajiuliza umekuja kufanya nini na ndizi zako begani, na utaisema nyumba hiyo kwamba wana mgonjwa na wanamtumikisha. Basi kila gari likisimama nje, wasichana walimrudisha kitandani, wakamfunika kitenge hadi kidevuni. Walikuja ndugu kutoka Ntobeye na pombe ya ndizi. Walikuja wanajumuiya, wakasali rozari. Walikuja madereva, walikuja watu wanaotafuta kura, walikuja hata wanaonidai. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda nikawaeleza milango ya moyo, utando wa ng'ombe, msumeno wa mfupa. Wakitaka, mama aliwaonyesha mwanzo wa kovu. Mama mwenyewe alizoea. Akisikia breki nje, anavuta kitenge.

Jirani yangu, mzee mmoja muuza vitambaa, ambaye babu yake alitoka Pwani na yeye bado anaongea kama aliyefika jana, alikuja mara moja. Alikaa, akampa mama pole, akanywa chai. Kutoka akanishika kiwiko.

"Bwana wee, mama yako umemweka kama kitambaa cha sampuli. Kila apitaye anapapasa, hakuna anunuaye."

"Mzee, wivu huo."

"Wivu? Mimi mamangu nilimzika miaka iliyopita. Ningekuwa naye, ningemtuma dukani."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa duka na duka.

Kilichofuata kilikuja polepole, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu mimi nimezoea mambo yanayokuja kwa kishindo. Lori likipinduka, unalisikia. Mama alikuwa anapunguka kimya kimya. Wiki hii anakaa kitako mwenyewe, wiki nyingine anahitaji mto. Chakula kinarudi nusu, halafu kinarudi chote. Analala mchana kutwa na kuamka kuuliza kama kumekucha. Siku moja nilimbeba kwenda uani nikasimama katikati ya korido, maana nilihisi nimebeba nguo. Mapaja yake yalikuwa sawa na mikono yangu. Mgongoni, chini, ngozi ilianza kuchanika.

Nikampeleka hospitali ya wilaya, nikiwa nimejiandaa kununua mlango mwingine. Daktari, kijana tu, akamsikiliza kifua, akahamisha chombo huku na huku, akanipa mimi nisikilize. Nikasikia. Dum, dum, imara, hauchoki.

"Unapiga kama wa msichana," alisema. "Moyo hauna tatizo lolote."

"Basi anakufa na nini?"

"Anakufa na kitanda."

Nilimtukana yule kijana. Nilimwambia nimekwenda Dar, nimeonana na mabingwa, yeye ni nani. Akanisubiri nimalize. Akasema kila kitu alichokisema yule msichana wa mazoezi, karibu neno kwa neno: mlishe, mwinue, mtembeze. Akasema kwa sasa amekuwa dhaifu kuliko alivyoingia kwenye upasuaji, na haahidi. Nikatoa pochi. Akaniambia, "Weka pochi yako, mzee. Sina cha kukuuzia."

Hapo ndipo niliposhangaa, kama kushangaa ni kusimama kwenye maegesho ya hospitali na funguo za gari mkononi, na usikumbuke gari lako ni lipi. Moyo mzima, mpya, unaopiga kama wa msichana, ndani ya mtu anayekwisha. Mimi huyu niliyetatua kila kitu kwa kuongeza bei.

Nikarudi nyumbani nikawafukuza wageni. Nikafunga geti mchana. Nikaweka kiti katikati ya chumba, nikamketisha mama, nikasimama mbele yake.

"Mama, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Usiende popote. Inuka tu."

Alijaribu. Namwona hata sasa. Aliweka viganja juu ya magoti, akaegemea mbele, shingo ikatoka mishipa, miguu ikatetemeka kama ya ndama wa siku moja. Akarudi chini. Nikamwambia tena. Akajaribu. Nikamwambia tena, kwa sauti niliyoisikia ni ya kufokea utingo, na safari hii mkojo ukashuka kwenye kiti, ukadondoka kwenye vigae vyangu. Mama akaufunika kwa kitenge, haraka, kana kwamba mimi ni mgeni.

Halafu akaniuliza, taratibu kabisa:

"Mwanangu, unanidai nini?"

"Hakuna, mama."

"Kama ni zile hela za hospitali, niambie ni ngapi. Tuuze shamba la kahawa. Usinisimamie namna hii."

Nilipiga magoti kwenye ule mkojo, na suruali yangu nzuri, nikashindwa kumjibu. Sijawahi kumwambia mtu kitu nilikinunua kwa bei gani. Ndiyo siri yangu ya biashara, nimewanyima hadi watu wa kodi. Lakini siku ile sikunyamaza kwa ajili ya biashara. Nilinyamaza kwa sababu hesabu yenyewe niliona haina maana tena.

Dada yangu alifika kesho yake, amebadilisha bodaboda na basi na bodaboda, vumbi hadi nyusi. Nilikuwa sijamwita. Mmoja wa wale wasichana ndiye aliyempigia. Aliingia chumbani, akainua kitenge, akaangalia mgongo wa mama, akakirudisha. Akatoka barazani akiwa amejishika kiuno.

"Nani amekwambia mama ni wa kulala?"

"Daktari alisema asinyanyue kitu kizito."

"Kikombe ni kizito?"

"Dada, wageni wakimkuta anatembea watasemaje?"

"Watasema anatembea."

"Wewe unaongea kirahisi. Mimi nimetoa..."

"Umetoa. Tunajua umetoa. Nchi nzima inajua umetoa. Mfungashie nguo, ninaondoka naye."

Dada yangu hajawahi kuniogopa. Aliniogesha mtoni, ataniogopea nini. Nilimpeleka mama hadi gari lilipokata tamaa, na kutoka pale vijana wa Keza wakambeba kwa machela, na dada akiwasema njia nzima kwamba wanamtikisa.

Ningependa kuandika kwamba kule alipona. Hakupona. Dada alimtoa nje kila asubuhi, akamkalisha kwenye kiti cha baba chini ya upenu, akamwekea ungo wa maharage mapajani ayamenye. Wageni waliokuja kumwona mgonjwa walimkuta amekaa, wakapewa ungo na wao. Wengine walinung'unika, mmoja aliondoka na ndizi zake. Mama alimenya. Alikula kidogo zaidi, kidonda kikaanza kukauka. Lakini kuinuka, hapana. Dada alimwinua kwa kumkumbatia, wakasimama pamoja kama watu wanaocheza muziki wa taratibu, akimwachia anakaa. Nilikuwa nakwenda kila Jumapili. Kila Jumapili nilimkuta kwenye kiti, na kila Jumapili aliingizwa ndani kwa kubebwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Magari hayajambo?"

Basi. Hakuuliza zaidi.

Jumapili moja nilimkuta dada nyuma ya jiko, ameegemea ukuta, uso umelowa. Alikuwa ameshika mwiko bado.

"Nimeshindwa," aliniambia. "Usimwambie mtu. Hataki, mdogo wangu. Si miguu tu. Hana la kuinukia."

Nilikwenda nyuma ya migomba kwenye kaburi la baba, nikasimama, na kwa macho nikapima nafasi iliyo kando yake. Inatosha, nilisema. Nikajichukia, lakini nilishapima.

Niliporudi, mama alikuwa ameweka kiganja juu ya kovu. Nikamwuliza kama panauma.

"Hapaumi. Namsikiliza. Nikilala namsikia anavyotembea, hatua zake nzuri, hana haraka." Akatikisa kichwa. "Ila kuishi na ng'ombe usiyewahi kumwona, ni kazi."

Alisema hivyo tu, akaendelea na maharage. Dada akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Sitadai kwamba nilikuwa na akili yoyote. Mtu aliyekata tamaa hana mpango, ana miguu tu inayokwenda. Siku ya mnada ilipofika niliacha lori moja linasubiri mzigo, nikaenda, nikasimama katikati ya mavi na vumbi na viatu vyangu vya ngozi, nikatafuta rangi. Nilitaka gaju, ile nyekundu ya udongo, kwa sababu ng'ombe wa baba aliyependwa kuliko wote alikuwa gaju. Nikamwona. Mwuzaji akasema ni mtamba, bado hajazaa. Akataja bei. Mimi, ambaye nimewahi kubishana saa nzima kuhusu bei ya pakiti ya misumari, nikalipa.

Tulimpandisha kwenye gari hadi barabara inapokwisha, kisha nikamswaga kwa kamba, mimi mwenyewe, mbele ya watoto walionicheka hadi wakakaa chini. Tulipoingia uani mama alikuwa kitini pake, amefumba macho. Ng'ombe akalia. Mama akafumbua.

Alimwangalia. Alimwangalia kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Dada akatoka jikoni, akasimama.

"Mgeuze," mama akasema.

"Nini, mama?"

"Mgeuze nimwone kiuno. Umemleta uso, uso hauzai."

Nikavuta kamba kushoto, ng'ombe akaenda kulia. Nikavuta kulia, akasimama, akanitazama, halafu akaondoka kuelekea kwenye miche ya kahawa na mimi nyuma yake kama mkokoteni. Niliteleza. Nikaanguka kwa makalio, mahali ambapo yeye alikuwa ametoka kujisaidia.

"Usimvute! Mwachie kamba! Mtoto huyu, amekulia wapi? Mwachie! Mwongeleshe!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu enzi za mkungu kichwani. Nikageuka. Ungo ulikuwa umeanguka, maharage yametawanyika. Mama alikuwa ameweka viganja juu ya magoti, shingo imetoka mishipa, kama siku ile ya vigae vyangu. Dada alipiga hatua kwenda kumshika, kisha nikamwona anajizuia, anaukamata mkono wake mwenyewe kwa mkono wa pili. Miguu ya mama ilitetemeka. Makalio yakaachana na kiti. Yakabaki hewani, kitambo, katikati, mahali ambapo siku zote yalirudi chini. Nikiwa nimekaa kwenye mavi niliomba kwa majina yote ya watakatifu ninaowakumbuka.

Akasimama.

Akaja. Hatua ndogo, mikono imetanuliwa pembeni, huku akimsemesha ng'ombe kwa sauti ya koo, ile ya asubuhi za zamani, na ng'ombe akageuza masikio, akatulia. Mama akamfikia, akaweka viganja vyote viwili ubavuni mwake, akamwegemea. Walipumua wote wawili.

Sisemi amepona. Siku ile hakuweza kurudi kitini, tulimbeba. Yapo majuma hadi leo ambayo hainuki kabisa, na fimbo yake inaegemea mlango bila kazi. Nafasi kando ya baba bado ipo, na mimi bado ninajua ukubwa wake. Lakini siku akiinuka, hainuki kwa ajili yangu wala kwa ajili ya daktari. Anakwenda kusalimia.

Pale uani, bado ameegemea, alianza kazi. Akapapasa mgongo, akabonyeza kiuno, akainama kidogo kutazama kiwele, akashika pembe na kupitisha kidole gumba juu ya mikunjo yake, mmoja baada ya mwingine. Akanigeukia.

"Umeambiwa huyu ni mtamba?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu ameshazaa. Tena si mara moja. Tazama pembe, kila uzao na mkunjo wake. Na mguu huu wa nyuma anauonea huruma." Akafyonza. "Tajiri mzima. Wamekupiga mchana kweupe."

Dada aliangua kicheko, akaketi juu ya maharage, machozi yanamtoka. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, mkono juu ya pembe, ananisubiri kama alivyonisubiri nilipokuwa narudi na ndoo tupu ya mayai.

"Umetoa shilingi ngapi?"

Nikainuka, nikajipangusa nyuma bila faida. Nimekwishasema sitaji bei kwa mtu. Nikamtajia.

"Pamoja na kamba, mama, laki saba na elfu tisini na saba na mia tano."